Kutoka Nakawa hadi Kireka: niliyoyaona nikikusanya kodi za vyumba

Ukimtafuta mtu asiye na makazi Kampala kwa kutazama vibaraza vya maduka usiku, utawaona wachache na kuwakosa wengi. Wapo wanaolala nje kweli, hasa watoto na kina mama waliotoka Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi, na kule mtaa wa Kisenyi wapo wanaolipia nafasi ya kulala kwa usiku mmoja mmoja. Lakini walio wengi wanalala nyuma ya mlango wa mtu mwingine. Fundi cherehani analala chini ya meza anayokatia nguo. Kijana aliyekuja kutafuta kazi amewekewa godoro kwa shangazi yake, upande wa huku wa pazia, na shangazi na mumewe wako upande wa pili. Kila asubuhi godoro linaviringishwa na kusimamishwa pembeni ili watoto wapate pa kunywea chai.

Katika safu ya vyumba ninayoisimamia Kireka walikuwepo walinzi wawili waliokodi chumba kimoja chenye kitanda kimoja. Huyu zamu ya usiku, yule ya mchana. Saa moja asubuhi na saa moja jioni walikutana mlangoni wakapokezana ufunguo, salamu mbili tatu, mmoja akaingia kulala kwenye joto la mwenzake. Taabu ilikuwa siku za mapumziko. Kwenye daftari langu hao ni wapangaji wazuri, kodi haicheleweshwi. Hakuna ambaye angewahesabu kuwa watu wenye shida ya nyumba.

Kazi yangu ni hiyo: kukusanya kodi, kutafuta wapangaji, kuita fundi bomba likipasuka, na kusikiliza. Mwenye nyumba ni Hajati mmoja mjane, na safu yake ina mizigo 14. Muzigo, kwa asiyeijua Kampala, ni chumba kimoja katika safu ndefu, mabati juu, simiti chini, futi 10 kwa 12 ukibahatika, mlango wa chuma na dirisha moja mbele, choo cha pamoja kule nyuma. Sehemu kubwa ya jiji hili inalala humo. Walimu, waendesha boda, wauguzi, wanafunzi wa chuo, wauza chapati, wote.

Nililelewa kwenye kwotazi za Nakawa. Zilijengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa kipato cha chini, na pamoja na zile za Naguru zilikalia ardhi ya ekari zaidi ya 150, karibu kabisa na katikati ya jiji. Baba alikuwa makanika, mama akiuza nyanya na vitunguu soko la Nakawa. Jirani wa kulia Mjaluo, wa kushoto Mnubi wa Bombo, wa mbele familia ya mwanajeshi mstaafu kutoka Arua. Kwa hiyo lugha ya uani ilikuwa Kiswahili, na hadi leo nikikasirika hukasirika kwa Kiswahili cha Nakawa, ambacho mtu wa Tanga akikisikia ataziba masikio.

Julai 2011 zikabomolewa. Familia zaidi ya 1,700 zilitakiwa kupisha mji mpya wa kisasa, na ahadi ilikuwa kwamba wapangaji wa zamani watapewa nafasi ya kwanza. Jiwe la msingi liliwekwa 2013. Halafu nyasi zikaota, mradi ukakwama, na baada ya miaka ardhi ikaanza kugawiwa wawekezaji wengine vipande vipande.

Watu wakisikia habari hii hunipa pole ya nyumba. Nyumba zenyewe zilikuwa zimechoka. Mabati yalivuja na choo kilikuwa cha foleni. Kilichotuumiza ni vitu ambavyo haviandikwi kwenye orodha ya mali. Mama alikuwa akitoka saa kumi na moja alfajiri kwa miguu kwenda sokoni. Duka la jirani lilimkopesha sukari na unga hadi mwisho wa wiki bila kuandika popote. Mdogo wangu alikuwa P7, yaani darasa la saba, mtihani wa mwisho ukiwa Novemba, na alimaliza muhula akitokea mahali pengine kwa teksi mbili, zile basi ndogo za abiria. Na jambo ambalo hakuna aliyeliwaza: Kampala ukihamia mtaa mpya unatakiwa barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, wa ulikotoka. Mwenyekiti wetu alikuwa naye anatafuta chumba, muhuri ukiwa mfukoni, wa kijiji ambacho hakipo tena. Alituandikia barua akiwa ameketi kwenye kreti ya soda barabarani. Baadhi ya wenye nyumba walizikataa.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Kinawataka, bondeni, kwa sababu ndiko kulikokuwa na chumba cha bei yetu. Sitakaa sana huko, isipokuwa kwa hili, kwa sababu linaweza kumsaidia mtu. Dalali alitupeleka siku ya jua. Chumba kilipakwa rangi mpya, lakini rangi yenyewe iliishia usawa wa kiuno. Juu ukuta ulibaki wa zamani. Tulifurahia usafi. Mvua ya kwanza ilipopiga, maji yalikuja yakasimama palepale rangi inapoishia. Majirani walikuwa wamepandisha vitanda juu ya matofali manne manne, na jiko, na redio, na gunia la makaa. Sasa mtu akiniomba nimsindikize kutazama chumba cha bondeni, kuanzia Bwaise hadi Kinawataka, namwambia twende asubuhi baada ya mvua. Pia natazama matofali chini ya kitanda cha jirani. Jirani hapaki rangi kumridhisha dalali.

Dalali mwenyewe analipwa mara mbili. Kwanza ada ya kukutembeza, ambayo hairudi hata chumba kikiwa kibovu. Pili, ukikubali chumba, anachukua kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba naye anataka miezi mitatu ya mbele. Kwa chumba cha shilingi 150,000 kwa mwezi, mtu anatakiwa awe na 600,000 mkononi kabla hajaweka sufuria chini. Mtu anayepata 10,000 kwa siku atazitoa wapi kwa mkupuo? Ndiyo maana ukipita usiku kwenye safu kama yangu utakuta vichwa vitano kwenye chumba cha wawili. Wanao uwezo wa kulipa mwezi baada ya mwezi. Kinachowashinda ni kuingia.

Nilipoanza kazi kwa Hajati, jambo la kwanza nililomwomba lilikuwa apokee kodi ya mwezi mmoja mmoja. Alinitazama kama niliyepagawa. "Mwanangu, na akikimbia usiku?" Nikamwambia, Hajati, anayekimbia usiku atakimbia hata kwenye mwezi wa nne. Tukajaribu kwa vyumba vichache vya nyuma, wakakimbia wawili, waliobaki wakatulia, na vyumba havikukaa vitupu tena. Sisemi kila mwenye nyumba ataweza. Hajati hana mkopo wa benki unaomsubiri tarehe tano ya kila mwezi.

Kuna suala la kufuli. Mpangaji akichelewa, mwenye nyumba wa Kampala huja na kufuli yake na kuifunga juu ya kufuli ya mpangaji. Hakuna kelele, hakuna polisi. Mtu anarudi kazini saa mbili usiku na mtoto mgongoni, anakuta makufuli mawili, na ana ufunguo wa moja tu. Wengine hung'oa mlango, au bati moja juu ya kitanda, kisha wanangoja mvua ifanye kazi. Mimi nimeona mlango ukibebwa begani barabarani mchana kweupe, na watu wakipisha njia tu.

Sheria ipo. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Inasema nyongeza ya kodi isizidi asilimia 10 kwa mwaka. Inataka mkataba wa maandishi kwa pango la kuanzia shilingi 500,000. Ukiisoma mstari huo wa mwisho ukiwa umesimama kwenye safu ya mizigo ya 150,000, unaelewa upesi iliandikwa ikiwatazama akina nani. Mpangaji wangu hana karatasi. Ana jumbe za pesa za simu, kama hajazifuta. Na kesi ya kodi ya 300,000 itamla nauli na siku za kazi hadi deni lenyewe lionekane dogo.

Kwa hiyo mahakama yetu ni benchi la mwenyekiti wa LC1. Hapo nimeona mambo yakiisha vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Mwenyekiti anauliza nani anamjua huyu. Mama wa chapati anasema namjua, huyu hulipa, mwezi huu mtoto alilazwa. Basi analipa nusu, nusu inangoja. Aliyehamia juzi hana wa kumsemea, na huyo ndiye anayetolewa. Ndiyo maana nilisema habari ya mama na duka la sukari. Mtu aliyehamishwa mara tatu kwa miaka mitano amepoteza mashahidi mara tatu.

Sasa, kwa nini vyumba vya bei hii havijengwi vya kutosha? Wizara yenye dhamana ya nyumba imekuwa ikitaja upungufu wa zaidi ya nyumba milioni 2 nchini. Zamani serikali ilikuwa na nyumba zake. Zile fleti za Bugolobi, Bukoto na Wandegeya ziliuzwa kwa watu binafsi, na aliyekuwa na mtaji au mshahara wa uhakika akapata. Hakuna kitu cha kiasi hicho kilichojengwa kwa ajili ya mpangaji wa kipato cha chini baada ya hapo. Kazi ikaachiwa akina Hajati.

Na Hajati alijenga vipi? Ardhi ya Buganda kwa sehemu kubwa ni ya mailo, mfumo uliotokana na Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda. Mmoja ana hati, mwingine ana kibanja, yaani haki ya kukaa na kujenga juu ya ardhi hiyohiyo, anailipia busuulu, ada ndogo ya mwaka kwa mwenye hati, na sheria inamlinda asifukuzwe ovyo. Marehemu mumewe alinunua kibanja. Kibanja ni mali, unarithisha, unauza, lakini ukienda nacho benki watakuomba hati. Kwa hiyo walijenga kwa pesa ya duka, chumba kimoja mwaka huu, viwili mwaka ujao, tofali la kuchoma, udongo mahali pa simiti, kwa sababu hakuna mtu anayezika pesa zake zote kwenye ardhi ambayo mwenye hati anaweza kutokea kesho na wakili. Ujenzi wa hofu ni ujenzi wa bei nafuu. Bei nafuu ikaleta kodi nafuu.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kitu ambacho sijakisikia kwenye mikutano ya mipango miji. Vyumba vya watu maskini Kampala vimesimama mahali ambapo umiliki una utata au ardhi haitakiwi na mwingine. Nakawa ilikuwa ardhi ya serikali. Kinawataka ni kinamasi. Namuwongo palikuwa na watu hadi kando ya reli, na 2014 vibanda vilivyokuwa ndani ya eneo la reli vikabomolewa. Huko Kiteezi watu waliishi chini ya mlima wa takataka za jiji zima, na Agosti 2024 mlima ukaporomoka ukaua zaidi ya watu 30. Wapo waliouliza kwa mshangao kwa nini mtu aishi pale. Jamani, mbona jibu liko kwenye bei.

Mambo yakinyooka, yaani hati ikipatikana, kinamasi kikilindwa, reli ikifufuliwa, vyumba vinakwenda. Na kila moja ya hayo ni jambo jema. Reli ni njema. Kinamasi kikifukiwa sote tunaogelea. Mimi ni shahidi. Shida ni kwamba hakuna anayeandaa pa kuwapeleka watu kabla ya kunyoosha, na wao hawaendi kijijini kama wanasiasa wanavyodhani. Wanasogea mbele kidogo.

Ukitaka kuona wanakosogea, tazama sensa. Mwaka 2014 Kampala ilikuwa na watu kama milioni 1.5 na Wakiso, wilaya inayoizunguka, karibu milioni 2. Mwaka 2024 Kampala ilikuwa karibu milioni 1.8. Wakiso ilishavuka milioni 3. Jiji limehamia nje, lakini kazi zimebaki ndani, na kila alfajiri barabara ya Jinja inabeba tofauti hiyo, teksi moja baada ya nyingine, bampa kwa bampa kuanzia Bweyogerere.

Kwa hiyo mtu akiniambia amepata chumba rahisi Seeta au Mukono, namwomba tukae chini na kalamu. Chumba Kireka 150,000. Huko 90,000, amefurahi. Nauli kwenda na kurudi, siku ya kawaida isiyo na mvua, 6,000. Kwa siku 26 za kazi ni 156,000. Anayefanya kazi Nakawa na kukaa Kireka anaweza kutembea siku mfuko ukiwa mtupu. Anayekaa Mukono hawezi. Mvua ikinyesha kondakta anapandisha nauli, na mtoto anakula akiwa amelala. Kuna wanaoniona namvutia Hajati wapangaji kwa hesabu hizi. Wafanye hesabu zao.

Sasa yamefika kwetu. Mtoto mkubwa wa Hajati, ambaye amefanya kazi nje miaka mingi, amemalizana na mwenye mailo na kununua hati. Mzee yule aliyetunyima usingizi amelipwa, amekwenda. Tulichinja mbuzi. Hajati alilia kwa furaha, na alikuwa na haki. Kwa mara ya kwanza maishani anakalia ardhi isiyo na mdomo wa mtu mwingine juu yake. Wiki chache baadaye kijana akaja na mchoro: ghorofa nne, vyumba viwili na sebule, choo ndani, maegesho ya magari.

Simlaumu. Tulikaa naye tukapiga hesabu. Riba ya mkopo wa ujenzi ni karibu asilimia 20 kwa mwaka. Simiti, nondo, msanifu, kibali. Kodi ya mapato ya pango kwa mtu binafsi ni asilimia 12 ya anachokusanya juu ya kiwango kilichosamehewa, bila kujali ametumia kiasi gani kukarabati. Ili arudishe pesa, kila fleti lazima ilipiwe 800,000 kwenda juu. Nilijaribu kuchora muzigo wa 150,000 ndani ya jengo lile, hata chini kabisa nyuma ya tangi la maji, na namba zilikataa. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi; ningemchukia nikamaliza.

"Kaka, wewe baki," akaniambia. "Utanisimamia jengo." Nami nimekubali, nina watoto.

Tulichobishania ni tarehe. Alitaka Agosti. Nilimwambia ndani ya safu kuna watoto watatu wa P7, na nikamweleza alivyosoma mdogo wangu mwaka ule. Alikubali isogee hadi Desemba, mitihani ikiwa imeisha. Jambo la pili, mwezi wa mwisho hakuna kodi, ili mtu apate cha kuanzia kwingine. Hapo alivuta pumzi ndefu, lakini mama yake alikuwa amekaa pale na tasbihi yake, akamtazama tu. Akakubali. Jambo la tatu lilikuwa mabati na milango ya zamani: nilitaka wapangaji waliokaa zaidi ya miaka mitano wagawiwe, kwa kuwa wawili wana viwanja vidogo huko Mukono na wanaweza kuanza hata chumba kimoja. Hilo bado anafikiria, kwa sababu fundi wake amemwambia mabati hayo yanafaa kwa stoo ya simiti.

Walinzi wangu wawili wameshapata chumba Banda, kidogo kuliko hiki, kitanda kilekile. Mama wa chapati hajapata; anataka asivuke barabara, kwani wateja wake ni vijana wa steji ya boda hapo mbele, na ukivuka barabara kuna mama mwingine wa chapati. Barua za LC1 nimekwisha kuzifuatilia kwa vyumba vyote 14, kila moja na muhuri na picha, na shilingi za muhuri amelipa Hajati. Nimeziweka kwenye bahasha ndani ya daftari la kodi, na kila anayekuja kulipa mwezi huu anaondoka na yake.